Kwa nini vitu vigumu havibadiliki umbo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kwa mifano ya Bagamoyo

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, wazazi wanaosaidia watoto kazi za shule, mafundi, na yeyote aliyewahi kushika bonge la chumvi ya majaruba akajiuliza kwa nini linabaki bonge. Mifano imetoka Bagamoyo, maana hapa vipo karibu vyote tunavyohitaji: chumvi, barafu ya samaki, milango ya nakshi, kuta za mawe ya matumbawe. Kitu kigumu nimekiita yabisi. Vitabu vingine vinaandika mango.

Nipeni jibu fupi. Kwa nini jiwe lina umbo na maji hayana?

Kwa sababu katika jiwe kila chembe, yaani atomi au molekuli, ina mahali pake, na majirani wanaoizunguka ni walewale leo na kesho. Ukitaka kuisogeza chembe moja, majirani wote wanaivuta irudi. Katika maji, chembe nazo zinavutana, tena zimekaribiana sana, lakini hakuna yenye mahali pa kudumu. Inamwacha jirani huyu, inashikana na yule, basi maji yote yanafuata umbo la ndoo.

Kwa hiyo chembe za kitu kigumu zimetulia tuli?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi, na linarudiwa hata darasani. Chembe za yabisi zinatetemeka muda wote, mara trilioni kadhaa kwa sekunde. Kisichotokea ni kuhama. Kila moja inatetema hapo hapo ilipo, huku na huko, bila kumpita jirani.

Hata ukipoza kitu mpaka kukaribia nyuzi −273.15, kiwango cha chini kabisa cha baridi, mtetemo hauishi wote. Heliamu inatuonyesha hilo vizuri: mvutano kati ya atomi zake ni dhaifu mno, kiasi kwamba huo mtetemo mdogo uliobaki unatosha kuizuia isigande. Ili iwe yabisi, lazima ikandamizwe kwa kanieneo ya takriban mara 25 ya ile ya hewa tunayovuta, juu ya kupozwa.

Kama chembe za maji nazo zinavutana, kwa nini maji yanamwagika?

Fikiria mnada wa samaki ufukweni asubuhi, mashua zikiwa zimetia nanga. Watu wamebanana bega kwa bega, lakini mwenye haraka anapenya: mmoja anasogea, pengo linatokea, mwingine analijaza. Umati ni uleule, majirani wanabadilika kila dakika. Ndivyo kimiminika kilivyo.

Wengi wanadhani tofauti ya yabisi na kimiminika ni ukaribu wa chembe. Hapana, kwa umbali vinakaribiana sana. Barafu, kwa mfano, ina nafasi kubwa zaidi kati ya molekuli zake kuliko maji, ndiyo maana inaelea; maji yakiganda ujazo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 9. Pia maji hayakubali kubanwa kirahisi, yanapinga sana. Ambacho kimiminika hakiwezi kukipinga ni kusukumwa kwa ubavu, tabaka moja liteleze juu ya jingine. Yabisi inapinga vyote viwili, na hapo ndipo umbo linapopatikana.

Mnajuaje chembe zimepangika? Nani amewahi kuziona?

Swali zuri sana, na jibu lake linapitia kwenye chumvi.

Kabla ya mwaka 1912, mpangilio ulikuwa dhana tu. Watu walikuwa wameona fuwele, kama punje za chumvi, zina pande bapa na pembe zisizobadilika, wakakisia kwamba ndani kuna vitu vidogo vilivyojipanga kwa utaratibu. Mwaka 1912, mjini Munich, Max von Laue na wenzake walipitisha eksirei kwenye fuwele. Upande wa pili, kwenye bamba la picha, wakapata madoa yaliyojipanga vizuri. Kitu kisicho na mpangilio hakiwezi kutoa madoa ya namna ile.

Mwaka uliofuata, Waingereza wawili, William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg, walitumia njia hiyo kusoma mpangilio wa chumvi ya kawaida. Walikuta ioni (atomi zenye chaji ya umeme, chanya au hasi) za sodiamu na za kloridi zimepishana, moja hii, moja ile, kwa urefu, upana na kimo. Kila sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita. Hakuna jozi zilizojitenga, na wapo wanakemia walioona vigumu kulikubali hilo kwa miaka mingi. Baba na mwana walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Kijana alikuwa na umri wa miaka 25.

Umbali kutoka ioni moja hadi jirani yake ni takriban nanomita 0.28 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Kwa hiyo punje ya chumvi yenye upande wa milimita moja ina ioni kama milioni tatu na nusu zimepangana kwenye ukingo mmoja tu. Kila moja imeshikwa na sita. Ukilijua hilo, ugumu wa punje hauwi tena jambo la ajabu.

Ndiyo sababu punje za chumvi ni za mraba?

Ndiyo. Mpangilio wa ndani unajitokeza nje. Chukua chumvi ya mawe, ile isiyosagwa, uitazame kwa lenzi juani: utaona vijisanduku vyenye kona za nyuzi 90. Hakuna aliyevichonga.

Nenda kwenye majaruba wakati wa kiangazi uone jambo zuri zaidi. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila kilo. Yanaachwa yakauke kwa jua na upepo kutoka jaruba hadi jaruba. Kwanza hujitenga jasi, na maji yakishapungua hadi kama sehemu ya kumi ya yalivyoanza, chumvi ya kula huanza kutoka. Upepo ukitulia, juu ya maji hutokea vijipande vyembamba vinavyoelea. Ukivitazama kwa karibu ni piramidi ndogo zilizopinduliwa, zina uwazi katikati na kuta zenye ngazi za mraba. Fuwele inakua haraka zaidi kwenye kingo zake pale juu, huku uzito ukiizamisha kidogo kidogo, na kila ukingo mpya unajengwa juu kidogo ya uliotangulia. Upepo ukivuma zinavunjika na kuzama. Kinachobaki mwishoni ni maji machungu yenye magnesiamu nyingi, na wavunaji wanayamwaga kwa sababu ya uchungu huo.

Kwa nini chumvi ukiigonga inapasuka, lakini msumari ukiugonga unapinda? Vyote si yabisi?

Hapa nitakaa kidogo, maana jibu linaeleza pia kwa nini mhunzi anaweza kufanya kazi yake.

Katika chumvi, ioni chanya na hasi zimepishana. Ukilazimisha tabaka moja lisogee nafasi moja tu, chanya inajikuta inatazamana na chanya, hasi na hasi. Zilizokuwa zinavutana sasa zinasukumana. Matabaka yanaachana na fuwele inapasuka, mara nyingi kwa mstari ulionyooka, vikabaki vijisanduku vidogo zaidi.

Chuma ni habari nyingine. Atomi zake zimeshikwa pamoja na elektroni zinazozunguka baina ya zote, si za atomi hii wala ile. Tabaka likisogea nafasi moja, atomi inajikuta kwenye mazingira yaleyale iliyokuwa nayo. Haisukumwi, inashikwa upya palepale. Ndiyo maana msumari uliopinda unabaki umepinda: una umbo jipya, na unalishikilia kwa nguvu ileile uliyoshikilia la kwanza.

Lakini hesabu zilileta tatizo. Ukikadiria nguvu ya kutelezesha tabaka zima la atomi kwa mkupuo mmoja, unapata kwamba metali safi ingepaswa kuwa imara mara mamia au maelfu kuliko ilivyo. Mwaka 1934 watu watatu, Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walitoa jibu. Mpangilio wa atomi una kasoro: mahali fulani safu imekatikia katikati. Kasoro hiyo inaweza kuhama hatua kwa hatua, safu moja baada ya nyingine, na hivyo tabaka linateleza bila kuhitaji kuteleza lote kwa mara moja.

Jaribu mwenyewe na waya wa kufungia nondo. Ukikunja mara ya kwanza, unakubali kirahisi. Unyooshe, ukunje tena palepale. Utahisi pamekuwa pagumu zaidi, na ukiufanya haraka pana joto ukigusa. Kila ukikunja, kasoro zinaongezeka, zinakutana na kuzuiana njia, mpaka hakuna inayosogea tena. Ndipo waya unakatika. Ukiupasha kwenye mkaa mpaka uwe mwekundu kisha ukauacha upoe taratibu, ulaini unarudi, kwa sababu joto limeziruhusu atomi kujipanga upya. Mhunzi anajua hili kwa mikono yake. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, naye anakifua kikiwa chekundu tu, chini sana ya hapo. Bado ni yabisi, ila kasoro zake zinatembea kwa urahisi.

Chumvi, unga na mchanga vinamiminika. Ni vimiminika?

Hapana. Kila punje ina umbo lake, iwe kwenye kikombe au kwenye gunia. Kinachobadilika ni mkusanyiko wa punje. Ushahidi rahisi: ukimwaga mchanga unapata kilima chenye mteremko, nao unakaa, ukimwaga maji yanatandaa.

Kweli umbo la yabisi halibadiliki hata kidogo?

Linabadilika, ila kidogo sana na kisha linarudi. Ning'iniza mzigo wa kilo 50 kwenye fimbo ya chuma cha pua au cha kawaida yenye urefu wa mita 1 na unene wa sentimita 1 kwa 1. Fimbo itarefuka kwa takriban sehemu ya arobaini ya milimita. Ondoa mzigo, inarudi. Meza nayo inabonyea unapoweka kikombe juu yake, na ukuta unabonyea unapouegemea. Kule kubonyea ndiko kunakouwezesha ukuta kukusukuma nyuma usianguke.

Joto nalo lina kazi yake. Bati la chuma la mita 10 likipata joto zaidi kwa nyuzi 30 linaongezeka karibu milimita 3.6. Ile milio ya paa jua likizama au wingu likipita ghafla ni mabati yanajivuta kwenye misumari. Chembe zikitetemeka zaidi, kila moja inadai nafasi kubwa kidogo, lakini majirani ni walewale.

Sasa barafu inapotezaje umbo?

Ukiongeza joto, mtetemo unakua. Ukifikia takriban sehemu ya kumi ya umbali kati ya majirani, mpangilio unashindwa kuhimili. Frederick Lindemann alipendekeza kipimo cha aina hii mwaka 1910, na kwa yabisi nyingi za kawaida bado kinakaribia ukweli.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kiwango cha joto cha barafu inayoyeyuka hakipandi. Kipande kilicho kwenye tenga la samaki kinabaki nyuzi 0 mpaka tone la mwisho, ingawa jua linawaka. Joto lote linalokiingia linatumika kuvunja mpangilio. Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334 kuwa maji ya nyuzi 0. Kwa joto hilohilo ungeweza kuyapasha maji yaleyale kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Hiyo ndiyo faida kubwa ya barafu kwa mvuvi. Maji baridi ya nyuzi 0 yangeisha ubaridi mapema sana.

Kwa nini mafuta ya nazi yanaganda Julai na Januari hayagandi?

Kwa sababu yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, joto la Bagamoyo linashuka chini ya hapo. Januari halishuki. Mafuta ni mchanganyiko wa aina nyingi za molekuli, kila aina na kiwango chake, kwa hiyo hayabadiliki kwa ghafla kama barafu. Yanaanza kuwa na ukungu, yanakuwa mazito, kisha yanakuwa meupe. Hayajaharibika. Yasogeze karibu na jiko yatarudi.

Chumvi yangu imelowa ndani ya kikopo. Imeyeyuka kwa joto?

Haiwezekani, chumvi inahitaji nyuzi 801 ili iyeyuke kwa joto. Imenyonya maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, punje ya chumvi inaanza kujivutia maji, na molekuli za maji zinazing'oa ioni moja moja kutoka kwenye mpangilio. Chumvi yenye mabaki ya magnesiamu inalowa mapema zaidi. Kwa hewa yetu ya pwani, funika kikopo, hasa masika.

Ni kweli kioo ni kimiminika kinachotiririka polepole?

Si kweli. Hadithi hii inatokana na vioo vya kale vya Ulaya vilivyo vinene chini. Viliondoka kwa fundi vikiwa na unene usio sawa kwa sababu ya namna vilivyotengenezwa.

Kilicho kweli ni kwamba atomi za kioo hazina mpangilio wa safu kama chumvi. Zimekaa ovyo, kama zilivyokuwa kilipokuwa kimiminika cha moto, ila zimefungwa hapo hapo. Kwa joto la nyumbani, kioo cha dirisha kingehitaji muda mrefu kuliko umri wa ulimwengu, ambao ni miaka bilioni 13.8, ili kitiririke kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mpangilio mzuri si sharti la kuwa na umbo. Sharti ni kila chembe kushindwa kumwacha jirani yake.

Na lami je?

Lami ngumu ndiyo inayodanganya. Ukiigonga na nyundo inapasuka vipande, ukiiacha inatiririka. Mwaka 1927 Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliipasha lami, akaimimina kwenye faneli iliyozibwa, akaiacha itulie, na mwaka 1930 akakata shingo ya faneli. Kufikia 2014 yalikuwa yamedondoka matone tisa tu. Kwa hiyo ile ni kimiminika, ingawa mkononi inakudanganya kuwa jiwe.

Mbao na mawe ya Kaole, yale magofu ya kale karibu na mji wa Bagamoyo, vinayeyuka kwa joto?

Mbao haziyeyuki. Ni nyuzi ndefu za selulosi zilizoshikanishwa kwa lignini, gundi ya asili ya mti, na molekuli zenyewe zinakatika kabla hazijaweza kuteleza. Ukipasha unapata moshi na mkaa.

Mawe ya matumbawe nayo kwenye tanuu hayawi uji. Ni kalsiamu kaboneti, na yakifikia kama nyuzi 900 yanatoa kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa. Chokaa inazimwa kwa maji, inachanganywa na mchanga, inajengewa. Kisha ukutani inavuta tena kaboni dayoksaidi kutoka hewani, taratibu, na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Napenda sana mzunguko huu. Kuta za magofu ya Kaole, ambayo sehemu yake ya kale zaidi huhesabiwa kuwa ya karne ya 13, zimeshikwa na mawe yaliyopoteza umbo motoni yakalipata jingine mikononi mwa waashi. Hazikuganda kwa kupoa. Atomi zake zilipata majirani wapya kwa kemia. Kinachozila ni mvua yenye asidi kidogo, hewa ya chumvi na mizizi ya miti.

Naweza kukuza fuwele nyumbani?

Unaweza, na ningependa kila mtoto wa Bagamoyo afanye. Chukua chumvi ya mawe ya sokoni. Chemsha nusu lita ya maji, koroga chumvi mpaka igome kuyeyuka, utatumia kama gramu 180 au zaidi kidogo. Acha itulie, chuja kwa kitambaa safi, mimina kwenye sahani pana. Weka sahani moja juani na nyingine kivulini penye hewa. Ya juani itatoa punje nyingi ndogo, ya kivulini chache na kubwa, kwa sababu ioni zilipata muda wa kwenda kila moja mahali pake.

Fanya kiangazi. Wakati wa masika hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba sahani inaweza kukaa bila kukauka. Usiku ifunike, maana umande unayeyusha kona za fuwele ulizopata mchana. Zikitoka zenye ungaunga mweupe badala ya kuwa angavu, chumvi ilikuwa na uchafu: suuza punje haraka kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi, ziyeyushe upya, chuja, anza tena.